Pango la Bahari Halijui Jumamosi

"Leo mwezi ngapi?"

Mzee aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye wavu aliokuwa akiushona. Kijana aliyekuwa akituongoza akachungulia simu, akamtajia tarehe. Mzee akatikisa kichwa. "Sikuulizi tarehe, mwanangu. Nakuuliza mwezi."

Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa watu kumi na wawili, tumelipa, na tumechelewa. Foleni ya asubuhi, basi dogo lililosimama mara tatu, daraja la Kigamboni, kisha vumbi la njia ya kuelekea Kimbiji, pwani ya kusini ya Dar es Salaam. Ratiba ilisema tutaingia pangoni saa nne asubuhi. Tuliteremka kwenye mwamba saa sita na dakika arobaini mchana, tukampita mzee na swali lake, tukaingia.

Ilikuwa mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu uandame, mwezi mpevu. Wenyeji wa pwani mnajua nilichokuwa nimekisogelea. Mimi nimezaliwa Temeke, nimekaa karibu na bahari hii miaka yote, na siku ile sikujua.

Pango lenyewe halikuwa kubwa. Mlango wake ungepitisha daladala moja, ndani linapinda kulia, kisha linafunguka na kuwa kama sebule yenye sakafu ya mchanga. Ubaridi wake ulituliza joto la safari. Watu wakaanza kupiga picha, mimi nikawa natazama ukuta, kwa sababu ukuta ule ni tumbawe tupu: ukiweka kidole unahisi mikunjo na mistari ya kiumbe aliyewahi kuwa hai. Nilikuwa bado nafuata mstari mmoja kwa kidole niliposikia pango linatoa pumzi. Wimbi liliingia mlangoni, likasukuma hewa hadi nyuma, masikio yakaziba kidogo. Nilipotazama chini, maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu.

Tulipofika mlangoni, njia tuliyojia, ule ukanda wa mawe chini ya mwamba, haikuwepo tena. Maji yalifika mapajani, na kila wimbi lilimpigiza mtu kwenye jiwe linalokata kama msumeno. Dada mmoja hakujua kuogelea, akashikilia ukuta na kukataa kutoka. Aliyemtoa ni yule mzee, pamoja na wavuvi wawili vijana waliokuja na kamba kabla hatujaita. Walikuwa wameshajua. Tukatoka na michubuko mikononi na magotini, simu tatu zimekufa, na yule dada analia bila sauti.

Waandaaji wa safari walituandikia baadaye kwamba bahari ilibadilika ghafla. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya, kwa sababu si kweli. Bahari ilifanya kile ambacho ingefanya, kwa saa ambayo mvuvi yeyote wa Kimbiji, Mbweni au Kunduchi angekutajia siku kumi kabla.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapopevuka ndipo tunapata bamvua: maji hutoka mbali sana na kurudi juu sana, tofauti ya mita 3 na zaidi. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayatoki sana wala hayajai sana. Na hapa kwetu Dar es Salaam kuna jambo la kushika kichwani: siku za bamvua, maji hupwa kabisa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, muda huohuo wa asubuhi maji yako juu.

Kwa hiyo siku ile maji yalikuwa yamefika mwisho wa kutoka saa nne na nusu. Tulipoingia saa saba kasoro dakika ishirini yalikuwa yanarudi kwa saa mbili na zaidi. Na maji hayapandi sawasawa: saa ya kwanza hupanda polepole, ya pili yanaongeza, ya tatu na ya nne ndizo za mbio. Katika kila moja ya saa hizo mbili hupanda karibu robo ya kimo chote. Kwa bamvua hiyo ni sentimita 75 au zaidi, yaani kimo cha meza ya chakula, ndani ya saa moja, bila kuhesabu mawimbi. Tuliingia pangoni mwanzoni kabisa mwa saa ya tatu.

Ninachosema ni hiki: yeyote anayeuza safari ya pango la bahari kwa kalenda ya ofisini anauza hatari. Safari ya pango ipangwe kwa mwezi. Najua jibu linalokuja, kwamba wateja wa mjini wana Jumamosi tu. Sawa. Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo Jumamosi moja ikiwa ya bamvua, inayofuata huwa karibu na maji mafu, na inayofuata tena bamvua. Jumamosi mbili kwa mwezi zinatosha, mradi mtu aondoke mjini alfajiri na basi lisisimame kununua chipsi. Jumamosi nyingine wapelekeni visiwa vya Mbudya au Bongoyo wakaogelee na kula samaki, na njiani waonyesheni kingo za mwamba zilivyoliwa kwa chini hadi zikawa kama paa lisilo na nguzo. Huo ndio mwanzo wa pango.

Kinacholila jiwe lile kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko tunavyofanya. Jiwe la mwambao wetu, lile ambalo ngazi za Oysterbay zimekaa juu yake na ambalo wazee walichomea chokaa na kujengea makaburi ya Kunduchi, ni matumbawe yaliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Bahari ikashuka, matumbawe yakabaki nje, yakawa jabali. Kutoka juu, mvua hushuka na hewa ya kaboni iliyobeba kutoka angani na udongoni, ikawa tindikali dhaifu inayoyeyusha chokaa tone kwa tone na kuacha vishimo. Kutoka mbele, wimbi linakuja na mchanga na linabana hewa kwenye nyufa hadi zinapanuka. Na kutoka ndani, viumbe wadogo, konokono wa mwambani, shokomzinga, chaza watobozi, wanakwangua na kutoboa kila siku kutafuta chakula au makazi. Nilipomwambia mzee haya baadaye alicheka kwa furaha, akasema yeye alijua kwamba konokono wanakula mwamba, ila hakujua kwamba mvua nayo imo.

Dari za mapango haya huanguka. Mawe makubwa unayoyaona mlangoni, ambayo watu hupanda kupiga picha, yalikuwa dari. Usikae chini ya ukingo, na usipigepige ukuta kwa jiwe ili uondoke na kipande cha kumbukumbu.

Si kila pango la pwani lina saa ya maji. Amboni, Tanga, ni mawe ya chokaa ya zamani mno kuliko haya yetu, na liko mbali na mawimbi, unaingia saa yoyote mwongozaji akiwepo. Mangapwani, Unguja, unateremka ngazi hadi kwenye maji baridi. Ila pango lililonibadilisha namna ya kutazama yote haya ni Kuumbi, kule Jambiani. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta humo alama za watu waliokaa yapata miaka 20,000 iliyopita, na mifupa ya punda milia. Punda milia Unguja! Enzi hizo bahari ilikuwa chini sana na Unguja haikuwa kisiwa, wanyama walitembea kutoka bara. Kuumbi linakusimulia bahari iliyoshuka, mwamba wa Kimbiji unakusimulia bahari iliyopanda. Mtu akitoka mapango hayo mawili na bado anashangaa kwamba maji yamebadilika, hajayatembelea.

Na yapo mapango ambayo watu wana mizimu yao. Utakuta kitambaa chekundu au cheupe, chupa ya marashi, sahani ya ubani. Mimi ni mtu wa msikiti na siendi kuomba huko, lakini kupiga picha vitu vile kisha kuviweka mtandaoni na maneno ya kejeli ni kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Uliza kijijini kabla. Ukiambiwa vua viatu, vua.

Siku ile ya mkasa, baada ya yule dada kutolewa, mzee na wenzake wawili walipewa soda. Sisi tulilipa elfu themanini kila mmoja. Waliopoteza saa zao za kazi, waliotupa kamba, wenye elimu ambayo safari nzima ilipaswa kuitegemea, walipewa soda za moto kutoka kwenye basi, na sisi abiria tulitazama tukanyamaza. Nimejilaumu kwa hilo kuliko kwa simu yangu. Mvuvi wa eneo anapaswa kuwa mwongozaji, jina lake liwe kwenye ratiba, malipo yake yajulikane kabla basi halijawashwa, na neno lake la "leo hapana" liwe la mwisho. Mtu akilipwa kusema ndiyo tu, hatasema hapana hata akiona.

Nilirudi kwa mzee mwezi uliofuata ulipoandama, na marafiki wawili. Ilikuwa mwezi pili. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Umekuja na hesabu leo?" Nikamtajia mwezi, nikamtajia saa ya maji kupwa, akanirekebisha kwa robo saa. Tulikubaliana malipo yake palepale, tukaingia saa tatu na nusu maji yakiwa bado yanatoka.

Kabla sijagusa chochote alinishika bega, akanielekeza juu. "Tazama dari kwanza." Chini ya ukuta, kimo cha kiuno, kulikuwa na chaza waliobanana. Juu yao doa la kijani, kisha doa jeusi. Na juu kabisa, kwenye ufa wa dari, juu ya mahali palepale nilipokuwa nimesimama na kidole changu wiki mbili kabla, ulining'inia uzi wa mwani. Nilinyoosha mkono nikauvuta. Ulikuwa mbichi.

Tulikaa zaidi ya saa moja. Mzee alichimba mfereji mdogo kwa kisigino mchangani, kutoka kidimbwi cha ndani hadi mlangoni, akaweka jani la mkoko juu ya maji. Jani likaenda nje, taratibu, akalirudisha, likaenda tena. Alifanya hivyo mara nyingi huku akituambia habari za pweza wa kaskazi na wa kusi, na sisi tukitazama ukuta kwa tochi, yale matumbawe ya kale yaliyojipanga kama sega la nyuki. Kisha akanyamaza. Jani lilikuwa limesimama katikati ya mfereji. Likazunguka kidogo, likaanza kuja kwetu.

"Haya," akasema, akachukua kamba yake. "Tutoke."