Stella Mwangi ni wetu, wacheni kumuitisha kitambulisho

Kuna swali huniudhi mbaya kila mara jina la yule rapa Stella Mwangi likitokea kwa maongezi, na halikosi kuulizwa: "Kwani huyo ni Mkenya ama ni wa Norway?" Mtu anaropoka hivyo halafu anaegemea kiti ni kama amemaliza kesi. Mimi nasema hivi, hilo swali wanaume huwa hawaulizwi. Tuna vijana wameenda majuu miaka miwili tu, wakarudi na twengi, yaani lafudhi, haieleweki ni ya wapi, na wiki hiyo hiyo wako redioni wanaitwa wasanii wetu wa kimataifa, hakuna mtu amewaitisha kitambulisho wala kuuliza shule ya msingi walisoma wapi. Lakini dem akishika maiki lazima kwanza athibitishe ni wa hapa, halafu athibitishe mistari ameandika mwenyewe, halafu athibitishe ako ngumu, na akimaliza hayo yote tunamwambia avae vizuri.

Sasa wacha niwakumbushe huyu mtu ni nani juu naona vijana wa siku hizi wanamjua kwa ngoma moja tu, na hata hiyo hawajui ilitoka wapi.

Stella Nyambura Mwangi alizaliwa hapa Nairobi Septemba 1986. Mwaka wa 1991 familia yake ikahamia Norway, yaani alikuwa na miaka minne ama ndio anaingia mitano, umri ambao mtoto wa Nairobi bado anabebewa mkoba akienda nasari. Unatolewa kwa jua la huku unapelekwa mahali giza la Desemba linaingia kabla hata ya saa kumi jioni, lugha huijui, kila mtu anakuangalia. Familia yao ilibaguliwa huko na hajawahi kuficha, ndiyo moja ya vitu vilimfanya aandike. Kingine kilikuwa ni Kenya yenyewe, hali ya nyumbani, nchi ambayo alikuwa anaisikia kwa simu na kwa story za wazazi kuliko vile alikuwa anaiishi. Kwa hivyo ukiniuliza mimi, rap yake imezaliwa pale katikati, na mtu akimwambia achague upande ni kama kumwambia atupe daftari lake la mistari.

Alianza kurap akiwa mdogo, akajiita STL, herufi tatu tu zimetolewa kwa jina lake. Na hapa ndio kuna kitu watu wengi hawajui: kabla Nairobi ijue sauti yake, Marekani ilikuwa tayari inaitumia. Ngoma zake ziliingia kwa filamu kama American Pie Presents: The Naked Mile na kwa vipindi vya TV kama CSI: NY na Scrubs. Yaani kuna watu walikaa kejani hapa Buruburu na Umoja wakitazama DVD za kununua tao, zile za kuuzwa kwa karatasi ya plastiki, na wakasikia msichana wa Nairobi anarap kwa hiyo filamu na hawakujua. Hakuna mtu alipiga kelele. Hakuna bendera ilipepea.

Albamu yake Living for Music ilitoka 2008, na hapo ndio redio za huku zikaanza kumcheza, "Take It Back" ikawa ndiyo ilimpa jina nyumbani. Sasa ukumbuke Nairobi ya wakati huo ilikuwa vipi. Genge, ile rap ya Sheng, ndiyo ilikuwa imeshika mji, mambo ya lebo ya Calif Records na prodyuza Clemo, Jua Cali, Nonini, na kila mathree, yaani matatu, ya Eastlands ilikuwa inatingisha madirisha na hizo biti. Ukienda upande wa hip hop yenyewe, kulikuwa na urithi wa Dandora, Kalamashaka na Ukoo Flani Mau Mau, wanaume wagumu wa kurap maisha ya mtaa kwa Kiswahili na Sheng. Na kwa wanawake kulikuwa na Nazizi, ambaye alianza akiwa bado tineja na akatoboa na Necessary Noize pamoja na Wyre na Bamzigi. Stella hakuwa na mtaa wa kutaja. Hakuwa na Dandora, hakuwa na South C, hakuwa na Calif. Alikuja na Kiingereza kimenyooka na flo ya mtu amesikiliza sana Wamarekani, na kusema ukweli hilo ndilo lilifanya wengine waseme huyu ni mgeni tu. Mimi nilikuwa naona ni heri huyo anayerap vile maisha yake yalivyo kuliko mtu wa Lavington anayejifanya ametoka Korogocho. Na hao wa aina hiyo tunao wengi, tunajua, tunanyamaza.

Halafu ikaja 2011.

Norway kila mwaka huwa na mashindano yao ya kuchagua nani atawawakilisha Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, yanaitwa Melodi Grand Prix. Februari hiyo Stella akaingia na "Haba Haba", wimbo kuhusu nyanya yake na mawaidha aliyompa, Kiingereza kwa mistari na Kiswahili kwa kiitikio, methali yetu ile ile ya kujaza kibaba. Akashinda. Watu wa Norway walichukua simu wakampigia kura msichana mwenye jina la Mwangi aimbie nchi yao kwa Kiswahili. Ujue kwa miaka mingi kabla ya 1999 hilo halingewezekana, sheria za Eurovision zilikuwa zinalazimisha kila nchi iimbe kwa lugha yake ya taifa, mwaka huo ndio zikalegezwa. Kwa hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa miaka kumi na kitu na hakuna mtu alikuwa amepita nao na Kiswahili mpaka huyu.

Nairobi ilishikwa na wazimu, ule wazimu wetu wa wiki mbili. Internet ya fiber ilikuwa imefika Mombasa 2009 lakini kwa simu data bado ilikuwa inauma mfuko, kwa hivyo wengi wetu tulienda cyber. Nakumbuka cyber moja karibu na steji yetu, kompyuta zilikuwa chache na mwenye cyber alikuwa ametoza shilingi kwa dakika, mmoja analipa tunasimama nyuma yake kama tunaangalia ajali. Wimbo wa Eurovision hauruhusiwi kupita dakika tatu. Hizo dakika tatu tulizitazama kwa muda mrefu sana, ile kitu inazunguka, inacheza sekunde kadhaa, inasimama, yule aliyelipa anahesabu pesa yake inaenda. Ilipofika kwa kiitikio cyber nzima ikaimba, hadi jamaa wa kupiga fotokopi. Mama mmoja alikuwa amekuja kutuma CV ya mtoto wake akauliza, "Na huyo ni wa nani?" Mtu akamjibu, "Ni wa Mwangi, mathe." Akaridhika kabisa, akarudi kwa barua pepe yake.

Mimi sitaficha, "Haba Haba" si wimbo wake ninaoupenda zaidi. Stella ni rapa kwanza, kuimba kwake ni sawa tu, na pale aliamua kuweka chini ile silaha yake kubwa ndio apite. Mashabiki wa hip hop walimpigia kelele hapa, ati ameuza, ati hiyo ni ya watoto wa Sunday school. Lakini nikikaa chini nafikiria, nani mwingine angefanya nini? Unapewa dakika tatu mbele ya bara lote, watu ambao hawajui Nairobi iko wapi, unachagua kuwaonyesha vile unaweza kutupa mistari kwa haraka ama unachagua maneno ya nyanya yako? Mimi ningechagua mistari na ningekosea. Sema nyinyi mtakavyo, kile kiitikio kiliimbwa na watoto wa Oslo wenye nywele nyeupe na hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha.

Nusu fainali ilikuwa Mei 10 kule Düsseldorf, Ujerumani. Nchi 19 zinashindana, 10 zinapita. Stella akapangwa wa pili kupanda jukwaani, baada ya Poland, na mtu yeyote anafuatilia hayo mashindano atakuambia hapo ni mahali pabaya, unaimba mapema halafu wengine 17 wanapita juu yako, nani atakukumbuka. Akapata pointi 30, nafasi ya 17. Hakupita. Ushindi wa mwaka huo ukaenda Azerbaijan na wimbo wa mapenzi ambao leo hii sidhani kuna mtu Nairobi anaweza kukuimbia hata mstari mmoja.

Na hapo ndio tulimuacha. Asubuhi iliyofuata yule "Stella wetu" alikuwa amegeuka kuwa "yule msichana wa Norway alishindwa". Masaa machache tu. Huko nako mambo yakawa mazito kwa njia nyingine, Julai mwaka huo huo mtu mmoja aliyejaa chuki kwa wahamiaji na kwa waliowakaribisha akaua watu 77 Oslo na kisiwa cha Utøya, wengi wao vijana. Huwa nawaza sana hiyo miezi mitano, kutoka ile Februari hadi Julai. Nchi moja, mwaka mmoja, inampigia kura mtoto wa mhamiaji na inatoa mtu kama yule. Sasa wewe uko hapa Kencom unakula smokie unamuuliza huyo dada kama yeye ni Mkenya kamili.

Juzi nilikuwa nasukwa, na msusi wangu, dada mmoja mchangamfu sana anayependa muziki, akaweka orodha ya ngoma za zamani, Stella akaingia. Akaniambia, "Huyu alikuwa anarap kama dume, auntie." Alisema kwa heshima, ilikuwa ni sifa. Nikamuuliza, na wanaume wakirap vibaya, wanarap kama nani? Akacheka akavuta nywele zangu kidogo zaidi ya vile inatakikana. Hakunijibu, lakini yule mteja wa kiti cha pili akasema Femi One ni mkali kuliko wanaume wote, na hapo salon ikawaka, nikasahau hata mambo ya Stella.

Lakini angalia hata hiyo ya Femi One. Watu wengi walimjua 2020 na "Utawezana" akiwa na Mejja, wakati wa lockdown, kila mtu amefungiwa nyumbani anacheza hiyo challenge na shangazi zake. Wakasema ametoka overnight. Overnight ya wapi? Dem alikuwa kwa lebo ya Kaka Empire chini ya King Kaka, amerap miaka na miaka mistari mizito ambayo wanaume walikuwa wanapita nayo kimya, mpaka akaweka wimbo wa kucheza ndio tukamuona. Ni ile ile ya "Haba Haba". Mkimpenda kwa wimbo mwepesi mnamlaumu ameuza, akileta mzito hamuuchezi. Muthoni the Drummer Queen yeye aliona mbali, 2008 akaanzisha tamasha la muziki la Blankets & Wine, akajitengenezea jukwaa lake mwenyewe na akaweka wengine juu yake. Si kila mtu ana huo uwezo, na haifai iwe ndiyo njia pekee.

Tena kuna huu mtindo wetu wa kiti kimoja. Nazizi alipewa taji akiwa mtoto na kila aliyemfuata akawa anaulizwa kwenye intavyuu kama anataka kumpindua. Stella akaulizwa, Femi akaulizwa, Maandy naye sidhani alikosa kuulizwa. Marapa kama Khaligraph na Octopizzo wakigombana tunasema ni ushindani mzuri wa mchezo, wanawake wawili wakiwa na ngoma mwezi mmoja tunatafuta nani anamchukia nani. Watangazaji, hii ni yenu, na mnajua ni nani nazungumzia.

Stella mwenyewe hakusimama. Mwaka huo huo wa 2011 alitoa albamu nyingine, Kinanda, akaendelea kurap, akaendelea kuja nyumbani na kurudi. Hajawahi kuomba ruhusa ya kuitwa Mkenya wala ya kuitwa wa Norway. Hiyo ndiyo sehemu yake mimi naipenda kuliko ngoma zote.

Kama hujawahi kumsikiliza vizuri usianze na "Haba Haba", anza na "Take It Back", halafu Living for Music yote bila kuruka, halafu ndio urudi kwa Eurovision. Na kama mnajuana na DJ yeyote wa klabu za Westi, yaani Westlands, mwambie aache kumweka saa kumi alfajiri wakati watu wanatafuta viatu. Amuweke saa tano usiku, Nazizi kabla yake, Femi One baada yake, na aone kama kuna mtu atatoka nje kuvuta sigara.