Haja Ndogo 200, Haja Kubwa 500

Asubuhi hii bosi kaniambia, tena anatabasamu: "Naona likizo imekurudishia nguvu." Nguvu! Shingo haigeuki kushoto, na nilipoingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu nimetoa kipande cha muhogo wa kukaanga, kina unywele.

Machame mpaka Dar ni kilomita 560 hivi. Hizo ni za mtu anayesafiri peke yake. Mimi nilikuwa na watoto watatu kiti cha nyuma.

Tulikubaliana kutoka saa kumi na moja alfajiri. Saa tatu mama mkwe bado anapakia. Sasa wewe mwambie mama mkwe wa Kichaga kuwa gari limejaa. Anaangalia buti, anakuangalia wewe, anaongeza mkungu. Tukatoka na mikungu miwili, gunia la maparachichi, na jogoo mzima kafungwa miguu, kalazwa chini kwenye miguu ya mwanangu wa kati. Kabla ya kufika Himo alishapewa jina. Jogoo mwenye jina nani atamchinja?

"Baba, tumefika?" ilianzia Mwanga. Same wakagombea dirisha. Hedaru mdogo akarudisha maziwa yote. Vibao vya 50 naomba tusiviongelee, maana nimepitwa na bodaboda iliyobeba kitanda.

Korogwe ndiyo nataka niiseme vizuri.

Pale tuliposimama kula, mlangoni mwa choo kaketi mzee wa baraghashia, mbele yake sahani ya sarafu na karatasi za chooni alizozikunja mojamoja kama kadi za harusi. Ukutani bei zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Nikatoa 600, watoto watatu, wote ndogo. Wawili wakaingia wakatoka. Mdogo kimya. Huku nyuma mabasi mawili yameshusha abiria, foleni imefika kwenye jiko la chipsi.

Mzee akatazama saa yake. "Baba, huyo wako ongeza mia tatu."

"Ya nini, mzee wangu?"

"Hiyo si ndogo."

Nikarekebisha kola. Nikamweleza, kwa sauti ninayotumia kwenye vikao, kwamba haja haipimwi kwa saa, na kwamba mtoto wa miaka minne anaweza kuwa amekutana na mjusi. Mzee akajibu kuwa kazi hii hakuianza jana. Mama mmoja kwenye foleni akanitetea: "Labda kashindwa vifungo, maskini." Konda akapinga, zikipita dakika tano hiyo ni kubwa, popote Tanzania hii. Foleni ikagawanyika kambi mbili. Kijana mmoja akauliza ukiingia kwa ndogo ikabadilika ukiwa ndani, unarudi kulipa au inakuwaje? Nikatangaza kwamba sitoi hata senti, mia tatu si kitu, hapa tunatetea haki!

Mlango ukafunguka. Mwanangu katoka na fulana tu, suruali kaishika mkononi, uso umejaa ushindi: "Baba! Nimemaliza zote mbili!"

Foleni nzima ikapiga makofi. Mzee hakucheka hata kidogo. "Basi siyo mia tatu tena," akasema. "Ni mia tano."

Nikalipa. Lakini jamani, kweli? Mafuta nimelipa, tairi nimeziba Same, chipsi nimenunua sahani nne zikaliwa moja, halafu hadi mavi ya mwanangu yana nyongeza? Kwa hasira nikawasha gari nikaondoka, na mimi mwenyewe sijaingia. Nimeteseka hadi Mkata, nikaenda kuchimba dawa nyuma ya kichuguu, watoto wanahesabu kwa sauti kuona kama dakika tano zitapita.

Wami daraja jipya unateleza tu, siyo lile la 1959 la kupishana kwa zamu. Raha hiyo ikaishia Kibaha, foleni, saa tatu usiku, wote wamelala isipokuwa jogoo.

Naye hapa mjini anawika saa nane za usiku. Mwenye nyumba kapiga simu, eti kuna mpangaji amelalamika kelele. Namjua. Ni yule wa juu, anayegongelea misumari kila Jumapili alfajiri. Mtu ana chumba na sebule, misumari yote hiyo anatundika nini? Na ile bomba aliyoiacha wazi mwezi wa tatu, bili tukagawana, mbona hapo hakupiga simu kwa mtu?