Somo la Mazingira Lilitokea Dirishani

Ramadhani iliyopita friza yetu ilianza kuyeyusha. Ukiishi Langoni, mtaa wa mji wa Lamu (wenyewe tunauita Amu), na mkeo anauza barafu za ukwaju na juisi za futari, hiyo si habari ndogo. Kufikia saa nane mchana vikombe vilikuwa vinaogelea, na wateja wa saa kumi na moja hawana huruma. Nikampigia simu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesomea ufundi wa friji na AC katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Yuko mwaka wa pili.

Akaja na mkoba wa zana, akaivuta friza kutoka ukutani, akapitisha vidole kwenye paipu za nyuma kama mganga anayetafuta mshipa. Kutu. Hapa Amu hewa yenyewe ina chumvi, paipu hazidumu. Akasema gesi imepungua, na iliyobaki lazima itoke ndipo achomee tundu. Nikadhani atatoa mtungi. Akatoa koleo.

Shaaa! Sekunde chache tu. Harufu ya mafuta ya kompresa ikatanda jikoni, kisha ikatokea dirishani kwenda kwa jirani.

"Hiyo gesi haikusanywi?" nikamuuliza.

"Ikusanywe na nini, mjomba?"

"Kwani chuoni hamfundishwi mazingira?"

"Tunafundishwa sana!" Akasimama wima, koleo mkononi, akaanza kunisomea kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesikilizwa juzuu. Mkataba wa Montreal, mwaka 1987, kulinda tabaka la ozoni. Nyongeza ya Kigali, mwaka 2016, kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani. Hakukosea hata moja. "Nilipata alama nzuri," akamalizia, akarudi kuinama nyuma ya friza.

Sikumcheka, na wala sikumkaripia. Kijana alifanya alivyoona wakubwa zake wakifanya. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo hili, na nikisikia kiongozi akisema kwamba vyuo vyetu vya ufundi sasa vinafundisha "kazi za kijani", masikio yangu husikia shaaa.

Tuanze na hiyo gesi, maana wengi tunadhani ni hewa tu. Friji za zamani zilikuwa na gesi zilizokuwa zikila ozoni, na ndizo Montreal ilizozifukuza. Badala yake ikaja R134a, ambayo ozoni haiigusi, ila kwa kushika joto ni balaa: kilo moja yake, ikihesabiwa kwa miaka 100, ni sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Tuseme kwenye friza yangu zilikuwa zimebaki gramu 100. Ile shaaa moja ilikuwa sawa na kilo 143 za kaboni dioksidi, karibu moshi wa lita 60 za petroli. Piga hesabu ni safari ngapi za boti kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, na kurudi. Mpwa wangu alizimaliza kwa koleo kabla ya alasiri, naye amefunga.

Na si hewa tu iliyo hatarini. Friji nyingi mpya zinakuja na R600a, gesi isiyoongeza joto sana lakini inayowaka moto, kwa kuwa ni ndugu ya gesi ya kupikia. Fundi aliyezoea kukata paipu na kuachilia, siku atakapokutana na hiyo huku jiko la mkaa liko hatua mbili nyuma yake, hatahitaji kukumbushwa Kigali. Kwa hiyo ukimfundisha kijana kuivuta gesi kwa mashine na kuitia mtungini, umelinda hewa na umelinda nyusi zake kwa pamoja.

Sasa, kosa liko wapi? Mitaala mipya ya umahiri, ile ya TVET CDACC (baraza la serikali la mitaala na vyeti vya ufundi), iliyaweka mambo ya mazingira kuwa umahiri wa msingi, safu moja na hesabu, mawasiliano na matumizi ya kompyuta. Nia ni njema. Ila kwa nilivyoona mimi, kitu kikishapewa chumba chake, kipindi chake na karatasi yake ya mtihani, kila mtu mwingine anajiona amesamehewa. Mwalimu wa friji anafundisha friji. Mwalimu wa mazingira anafundisha ozoni. Mwanafunzi anatoka darasa moja kuingia jingine, na katikati ya hayo madarasa mawili ndipo gesi inapotoka.

Nenda Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani, ukaone namna nyingine ya kufundisha. Pale jahazi hujengwa ufukweni, mchangani, chini ya kivuli cha makuti, na kijana huanza kwa kutumwa. Leta tezo. Shika ubao huku. Sokota pamba ya kalfati, ya kuzibia nyufa. Akileta ubao mbichi anaambiwa aurudishe. Akichagua gogo lililonyooka pale panapotakiwa taruma, yaani ubavu wa chombo, anapigiwa kelele, maana taruma hutoka kwenye mti uliopinda wenyewe, na kuupinda mti ulionyooka kwa msumeno ni kupoteza mbao na kudhoofisha chombo. Vibanzi vinakwenda jikoni. Hakuna siku aliyofundishwa somo linaloitwa kutotupa mali, ila ukimwona baada ya miaka mitano hatupi.

Mikoko vilevile ilikuwa na elimu yake, na imo ndani ya majina. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa: kila unene na jina lake na kazi yake, na mkataji aliyekwenda kutafuta boriti hakuwa na haja ya kuangusha kila kilichosimama. Na nyumba nayo ilikubali kipimo cha mti. Vyumba vya nyumba za kale za Amu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti. Mwenye nyumba alimfuata mkoko, hakumwambia mkoko umfuate yeye.

Lakini nisije nikaanza kuwatungia wazee wetu kaswida. Chokaa ya nyumba hizohizo ilichomwa kwa kuni, na magogo yalikuwa mengi. Mawe yake ni matumbawe. Boriti zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni miaka na miaka, hadi serikali ikapiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Na mwaka 2018 ukataji miti uliposimamishwa katika misitu ya umma nchi nzima, wakataji wetu nao wakakumbwa, ingawa zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu na kuna watu hawajui kazi nyingine. Ninachosema ni kwamba wazee walifundisha kazi na mipaka ya kazi kwa mkono mmoja. Mipaka mingine waliikosea. Namna ya kufundisha hawakuikosea.

Linaloniudhi zaidi ni uashi. Mji huu uko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na kuta zake ni moja ya sababu. Muulize kijana anayemaliza cheti cha uashi hapa hapa kwetu namna ya kuizimua chokaa, uone atakavyokutazama. Yeye kafundishwa matofali ya saruji, nondo na mabati. Saruji si haramu, nami sebule yangu inayo. Ila ukiipaka juu ya ukuta wa mawe na chokaa unaufungia unyevu ndani. Chumvi hupanda, plasta hupasuka na kubanduka vipandevipande, na mwenye nyumba anamwita fundi yuleyule arudie palepale. Chokaa huuacha ukuta upumue. Haya si mashairi, ni namna maji yanavyotembea ndani ya jiwe.

Halafu kuna joto. Nyumba ya kale ina ukuta mnene, dari ya juu, na kiwanda, yaani ua wa wazi, katikati kinachovuta upepo. Ina birika la kuogea, na ndani yake visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. (Bibi yangu alikuwa akivihesabu kila Ijumaa, na kimoja kikipungua paka alikuwa mashakani.) Nyumba mpya ina ukuta mwembamba na bati. Saa saba mchana hamkaliki ndani, kwa hiyo mwenye uwezo ananunua AC. AC inaliwa na chumvi, inavuja, anaitwa mpwa wangu na koleo lake. Mwashi aliyesomea darasa la huku anamtengenezea kazi fundi aliyesomea darasa la kule, na mwalimu wa mazingira yuko darasa la tatu anachora ozoni ubaoni.

Betri nitazigusa tu, ingawa zinastahili makala yao. Umeme wa jua tunausifu, na visiwani umetuokoa, ila kila betri ya risasi na tindikali ina siku yake ya kufa. Kijana anafundishwa kuiunganisha. Kuizika je, kuipeleka wapi, asiimwage tindikali nyuma ya duka? Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa walidhurika kwa sumu ya madini ya risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hatari iko karibu hivyo.

Najua nitaambiwa: wewe una friza, vijana hawana kazi, waache kwanza wapate mkate. Hoja hiyo tumeshaisikia Amu, tena kwa kipaza sauti. Wakati wa mradi wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, megawati 1,050, tuliwekwa njia panda tukaambiwa tuchague, ajira au mazingira. Juni 2019 baraza la taifa la kuamua kesi za mazingira likaifuta leseni, na hadi leo kuna wanaosema tulifukuza kazi. Mimi sikubaliani nao, ila siwabezi. Wanachotaka ni mkono wa kijana uwe na kazi ya kushika.

Basi tutazame kazi iliyokwisha kushikwa. Mwaka 2018 mafundi wa hapa wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa plastiki chakavu na kuvalishwa ndara zilizookotwa fukweni, na mwaka uliofuata kikatweka kwenda Unguja. Walioranda zile mbao za plastiki hawakuhitaji mhadhara juu ya takataka za baharini. Takataka ilikuwa mkononi, inakataa kurandika kama mvule, na ikipata jua inatanuka kuliko mbao. Ufundi ukajifunza kitu kipya, na mazingira yakaingia humo bila kupiga hodi.

Ningekuwa na sauti katika kikao cha mitihani, ningeomba alama za mazingira zihamishwe kutoka karatasini zipelekwe kwenye meza ya kazi. Mtihani wa friji: mtungi mtupu upimwe kwenye mizani, mwanafunzi aivute gesi, mtungi upimwe tena. Gramu zilizokosekana zinajulikana zimekwenda wapi. Mtihani wa makanika wa boti: oili iliyotoka injini ilingane na oili iliyoko kwenye dumu, na mtahini aangalie maji chini ya gati. Mtihani wa uashi: kuta mbili, moja ya kale na moja mpya, na mwanafunzi aseme ipi inataka nini kabla hajashika mwiko. Anayeachia gesi ikaenda hewani arudie, hata kama friza inagandisha barafu hadi Peponi.

Na watahini wengine watoke Matondoni. Serikali sasa inakubali kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, lakini naona tunautumia utaratibu huo upande mmoja tu, kumpa mzee cheti. Mpeni na kiti cha kutahini. Vyuo hivi vya mitaani, kwa Katiba ya 2010, viko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo safari hii hatuwezi kuutupia mzigo wote Nairobi. Kaunti ikinunua mashine mbili tatu za kuvutia gesi, zikae chuoni na ziazimwe mafundi wa mtaani kama yanavyoazimwa masufuria ya harusi, tutakuwa tumefika mbali kuliko warsha yoyote ya hotelini. Warsha nimehudhuria. Chai yake nzuri.

Mpwa wangu alimaliza saa tisa u nusu. Tundu likachomewa, gesi mpya ikatiwa, kompresa ikanguruma, na mke wangu akamuahidi sambusa za kufuturu. Akaniandikia hesabu kwenye kipande cha karatasi: gesi, kuchomea, ufundi. Nikamrudishia kalamu, nikamwambia aongeze mstari mmoja, kuvuta gesi ya zamani, aandike bei yake, na mara nyingine nitailipa.

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Kwa mashine gani, mjomba?"