Kwa msana wa Lamu, spika mbili zatosha

Ingia duka lolote la vifaa vya muziki siku hizi, Mombasa au Malindi, utaoneshwa maboksi sita: spika tano na sabufa moja, rimoti juu, taa za rangi mbele. Ukiuliza spika mbili tu, lakini za maana, muuzaji anakutazama kana kwamba umekuja kununua kandili. Haidhuru. Kwa nyumba zetu za Lamu, na kwa hizi nyimbo za taarabu tunazosikiliza, mimi nasema spika mbili.

Anza na chumba chenyewe, msana, yaani sebule ndefu nyembamba iliyo kando ya ua. Katika nyumba za mawe za mjini, upana wa chumba uliamuliwa na boriti. Mti wa mkoko unaobeba dari una kikomo chake, ndiyo maana misana yetu ina upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, ilhali urefu wake ni wa kukimbiza watoto. Sasa sikiliza masharti ya hayo maboksi sita, ya hiyo sauti ya kukuzunguka pande zote. Spika moja ikae mbele katikati. Mbili ziwe digrii 30 kushoto na kulia kwako. Mbili nyingine zirudi nyuma kidogo ya masikio, kati ya digrii 100 na 120, na zote tano zilingane umbali kutoka ulipoketi. Jaribu kuyatimiza ndani ya msana! Spika ya kushoto itakupumulia sikioni. Ya kulia haina hata ukuta wa kutundikwa, kwa kuwa upande ule umefunguka kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Kuna nyumba nimeikuta spika ya nyuma imekalishwa juu ya kiti cha enzi, waya umening'inia, na mgeni anaambiwa aketi mkekani.

Kutoboa ukuta nako usiniambie. Plasta ya chokaa juu ya mawe ya matumbawe ukiitia drili inamong'onyoka, na msumari unabaki unacheza.

Spika mbili hazina makuu. Ziweke upande wa ukuta mfupi, ziachane mita 1.8, nawe ukae mita 1.8 kutoka kila moja, zikikuelekea. Hiyo ni pembetatu ya pande sawa, na ndiyo siri yote ya stereo, yaani sauti ya njia mbili, kushoto na kulia. Urefu wa chumba uliobaki unakuwa nyuma yako, na hilo ni jema, maana sauti inapata safari ndefu kabla ya kugonga ukuta na kurudi. Kuta zetu ni ngumu na laini, zinarudisha kila kitu, kwa hiyo tandika mkeka na zulia, panga mito, shusha pazia. Mwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, azijaze vitabu na vyombo. Zinavunjavunja mwangwi vizuri sana. Sidai kwamba mafundi wa kale walizijenga kwa ajili ya taarabu.

Halafu kuna tunachosikiliza. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti ilikuwa ya njia moja tu. Kaseti zilizokuja baadaye, zikiwemo za Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, mzaliwa wa hapa hapa Lamu, zilitengenezwa kwa njia mbili zikizidi sana. Ukizipitisha kwenye mashine ya spika sita, hakuna kilichofichwa humo cha kupelekwa nyuma. Mashine inakisia. Inachukua chembe ya sauti ya mwimbaji na kuirusha kisogoni kwako, mlio wa udi, ile ala ya nyuzi, unatapakaa chumba kizima, na ule mguso wa kwanza wa kipigio kwenye uzi, unaokwambia mpigaji ni nani kabla hajaimba, unapotelea hewani. Kwa spika mbili zilizowekwa sawa, rekodi nzuri inakupa mwimbaji mbele yako, katikati, mahali ambapo hapana spika yoyote.

Najua tangu 2021 Apple Music, huduma ya muziki ya mtandaoni, wanatoa muziki uliochanganywa kwa Dolby Atmos, mfumo wa sauti ya kukuzunguka hadi juu ya kichwa, na mwenye kuusikiliza huo ana hoja yake. Taarabu ya udi iliyochanganywa hivyo mimi sijakutana nayo.

Filamu ni mambo mengine. Hapo sibishani. Helikopta ikipita juu ya kichwa, au uwanja wa mpira ukilipuka kwa goli pande zote, spika mbili haziwezi kukupa hilo. Sauti ya njia sita ya kidijitali ya Dolby iliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992, na kazi yake inaifanya vizuri. Tena inasimuliwa kwamba Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza aliyeomba hataza ya stereo mwaka 1931, alilipata wazo lake ndani ya sinema, akikereka kuona mwigizaji yuko upande huu na sauti yake inatoka kule. Kwa hiyo hata hizi mbili zangu zina damu ya sinema.

Lakini pesa ni ile ile. Shilingi 30,000 ukizigawa kwa maboksi sita, kila boksi linapata karatasi na gundi. Zigawe kwa mawili, unapata spika yenye uzito mkononi. Na chumvi ya bahari haisamehe: spika tano zina ncha 20 za nyaya za kuota kutu, mbili zina nane.

Aliyekwisha kununua sita asizitupe. Atafute kwenye rimoti kitufe cha stereo, abakishe mbili za mbele na sabufa, na sabufa yenyewe aiondoe pembeni mwa chumba, maana kwenye kona besi inavimba mpaka inafunika maneno. Kisha aipunguze zaidi ya anavyotaka, kwa sababu viwanda vyetu vinapakana, na jirani hakuchagua wimbo.