Wu wei si "liwalo na liwe"

Tafsiri imeliponza wu wei, neno la Kichina la falsafa ya Tao. Likishaitwa "kutotenda", mwenye wasiwasi sugu hulisikia kama ruhusa ya kukunja mikono. Maana iliyo karibu zaidi ni kutolazimisha, na hiyo ni kazi.

Madaktari wa akili wa Changsha, China, waliiona kazi hiyo. Zhang Yalin na Yang Desen waliunda tiba ya mazungumzo inayochota kwa Laozi, mwanafalsafa wa kale wa Tao, yenye hatua tano. Mgonjwa huanza kwa kutaja yanayomlemea sasa. Kisha hupanga anavyovithamini: fedha, cheo, afya, familia, kipi mbele na kipi nyuma. Kwangu mimi hapa ndipo penye tiba. Anayetaka cheo na utulivu kwa uzito uleule huuona mwenyewe ugomvi unaomnyima usingizi. Hatua ya tatu huchambua ugomvi huo na namna anavyopambana nao. Ya nne ni mafundisho, maneno 32 ya Kichina katika mafungu manne: nufaisha bila kudhuru, tenda bila kushindana; punguza tamaa, jua kinachotosha na pa kukomea; patana, shika nafasi ya chini, ulaini ushinde ugumu; tulia, fuata mwendo wa mambo. Ya tano hupima nafuu.

Wanaojisomea wenyewe hurukia ya nne. Matokeo yake mtu anajiamrisha "tulia!" saa nane za usiku, na amri hiyo ndiyo inayomkesheza.

Kosa jingine ni haraka. Katika utafiti wao wa 2002, wenye wagonjwa 143 wa wasiwasi sugu, dawa za kutuliza zilishusha dalili ndani ya mwezi mmoja huku mazungumzo yakisuasua. Kufikia miezi sita, mambo yalikuwa yamegeuka. Ni utafiti wa waasisi wenyewe, kwa hiyo nisingeutumia kumwachisha mtu vidonge. Tena vidonge vya aina hiyo, vikikatwa ghafla, vinaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akisimamia.

Zhuangzi, mwanafalsafa mwingine wa Tao, ana kisa cha mpishi ambaye kisu chake kimepasua ng'ombe kwa miaka 19 na bado kina makali kama kimetoka kinooni, kwa sababu hupita penye nafasi kati ya maungio. Wengi huishia hapo. Lakini mpishi anaendelea kusema kwamba akifika penye fundo husita, hukaza macho, na kisu hukisogeza polepole mno.