ORS na dripu: utumbo unaoharisha bado unafyonza

Mzazi anayefikisha zahanati mtoto anayeharisha mara nyingi huja na ombi moja: atundikiwe dripu. Akipewa pakiti ya ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji ya kunywa) na kikombe, huona amepunjwa. Dharau hiyo, kwa maoni yangu, inatokana na kutojua kinachofanyika kwenye utando wa seli za utumbo mdogo, ingawa dripu nayo ina hoja zake nzito.

Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, mapigo ya moyo yakienda mbio huku mshipa ukipiga kwa udhaifu, hana muda wa kusubiri utumbo ufyonze. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inataka aongezewe maji mshipani mara moja, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Kwa huyo sina ubishi.

Wengi wanaoharisha, hata hivyo, hawajafika hapo. Chukua kipindupindu, ambacho kinaweza kumtoa mtu mzima hadi lita moja ya maji kwa saa. Sumu yake hufungua njia za kloraidi kwenye seli za utumbo. Kloraidi ikitoka, sodiamu, ambayo pamoja nayo huunda chumvi, na maji hufuata. Sumu hiyohiyo huzuia njia kuu ambayo chumvi huitumia kuingia bila sukari. Ndiyo maana maji ya chumvi matupu hayamfai mgonjwa: chumvi hubaki utumboni, na maji hubaki nayo.

Kuna mlango mmoja ambao sumu haiugusi. Ni protini iitwayo SGLT1, na masharti yake ni kupitisha chembe mbili za sodiamu pamoja na moja ya glukosi, yaani sukari. Upande wa pili wa seli, pampu huisukuma sodiamu kuelekea kwenye damu, kwa hiyo ndani ya seli huwa chache na ile ya utumboni huendelea kuvutwa. Maji hufuata kwa osmosisi, yaani huvutwa kuelekea palipo na chumvi na sukari nyingi zaidi. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza ushirika huo wa sodiamu na glukosi huko Prague mwaka 1960.

Mwaka 1971 dripu zilipopungua kwenye kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh, huko Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na glukosi. Vifo vilivyokuwa takribani asilimia 30 vilishuka hadi asilimia 3.6 kwa waliotibiwa hivyo. Wapo wanaokumbusha kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopangwa kitaalamu, na kwamba waliozidiwa walianzishiwa dripu. Ni kweli. Lakini dripu chache zilizokuwepo zilitosha kwa waliozidiwa kwa sababu wengine walikuwa wanakunywa, na walionywesha walikuwa zaidi ndugu wa wagonjwa wenyewe.

Kipimo nacho kina maana. Glukosi ikizidi uwezo wa mlango ule, hubaki utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini. Mwaka 2002 WHO ilipunguza glukosi kutoka milimoli (kipimo cha wingi wa chembe) 111 hadi 75 kwa lita, na sodiamu kutoka 90 hadi 75. Majaribio kwa watoto yalikuwa yameonyesha kwamba wanaolazimika kuongezewa dripu hupungua kwa takribani theluthi moja. Lita ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi. Lita ya soda ina sukari ya gramu 100 hivi, na bado kuna anayempa mtoto soda ili "apate nguvu".

Lawama moja dhidi ya ORS naikubali: haikatishi kuharisha. Mama anaona nepi bado inalowa na anahitimisha kwamba dawa imeshindwa, wakati mwili unarudishiwa maji. Aelezwe hivyo mapema, na mtoto apewe madini ya zinki. Pia ORS inadai mtu wa kukaa na mtoto: kwa mwenye kilo 10 aliyepungukiwa maji kiasi, mililita 750 kwa saa nne, kijiko kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Nesi mwenye foleni ndefu anaona heri dripu, ambayo haidai kijiko. Namwelewa, lakini dawa ya tatizo hilo ni kiti cha mama, maji salama na mtu wa kumwelekeza. Kumchoma sindano mtoto anayeweza kunywa ni kumfungulia njia ya maambukizi bila sababu.