Spika Imepanda Darini na Haitaki Kushuka

Asubuhi ya leo, mbele ya macho yangu na ya mke wangu, spika mpya ya darini iliingizwa katika tundu lililotobolewa kwa ajili yake, ikapita moja kwa moja bila kugusa ukingo wowote, ikaenda kulala juu ya jipsamu kama paka aliyeshiba. Fundi, ambaye alikuwa bado ameinua mikono miwili juu ya ngazi kama mtu aliyemwachia njiwa, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwa heshima zote: "Mzee, naona tundu limezidi kidogo."

Limezidi kwa sentimita mbili na nusu. Ndani ya sanduku mlikuwa na kiolezo, duara la karatasi ngumu ambalo mtu hulibandika darini na kulizungushia kalamu, lakini fundi wangu ana uzoefu, na mtu mwenye uzoefu hapangiwi kazi na karatasi. Alipima ukingo wa nje wa spika, sentimita 23, badala ya kupima mwili wake, ambao ni sentimita 20 na nusu. Kwa kuwa pia ni mtu wa kasi, alikuwa amekwisha kutoboa matundu yote manne kabla ya kujaribu hata moja. Nitampa haki yake: makosa yote manne yanalingana kabisa.

Kwa asiyewahi kufungiwa vitu hivi, spika ya darini haipigiliwi msumari. Ina vimasikio vya plastiki ambavyo, skrubu inapokazwa, hugeuka kwenda nje na kuubana ubao wa dari kwa juu, huku ukingo ukiubana kwa chini. Pasipo ubao wa kubanwa, vimasikio hung'ata hewa, na mwenye nyumba huanza upya kazi ya kuchagua spika ambayo aliapa mbele ya familia kwamba ameimaliza.

Naomba ieleweke kwamba sikuwa mtu wa tamaa. Nilikuwa na spika tano na sabufa moja, na nilikuwa nimeridhika, mpaka nilipoketi sebuleni kwa mtu fulani, mvua ya kwenye filamu ikaninyeshea utosini. Mtindo huo wa sauti, Dolby Atmos, uliingia katika majumba ya sinema mwaka 2012 na kuanza kuingia majumbani mwaka 2014, na pamoja nao ziliingia hesabu zinazosomeka kama vifungu vya sheria: 5.1.2, 5.1.4, 7.1.4. Namba ya kwanza ni spika zinazokuzunguka usawa wa masikio, ya pili ni sabufa, ya tatu ni zile za juu. Nilichagua 5.1.4 kwa sababu mvua yenye matone mawili nayo ni mvua gani? Kisha nikagundua kwamba risiva yangu, ile mashine inayozipa spika umeme wa sauti, inasukuma spika saba tu, ilhali tano na nne ni tisa. Hilo nalipita haraka kwa sababu bado linauma.

Halafu kuna kochi. Wataalamu wanataka spika za juu za mbele ziwe katika pembe ya kama nyuzi 45 kutoka kwa msikilizaji, na za nyuma ziwe hivyo hivyo upande wa pili. Dari yangu iko mita 2.6 kutoka sakafuni, na masikio yangu, ninapoketi kwa adabu, yako mita 1.1. Tofauti ni mita 1.5, kwa hiyo spika za mbele zikae mita 1.5 mbele ya kichwa changu, na za nyuma mita 1.5 nyuma yake. Hesabu nzuri sana, isipokuwa kochi letu limeegemea ukuta kama makochi ya watu wote wenye akili timamu, na mita 1.5 nyuma ya kichwa changu ni chumba cha watoto. Mtu mwenye busara angeridhika na spika mbili, akazifunga karibu na usawa wa utosi, mbele kidogo, na maisha yakaendelea. Mimi nilivuta kochi. Limesimama sasa katikati ya sebule kama kisiwa, watoto wanalizunguka kwa mbio, na wageni hawajui waingilie upande gani.

Shemeji alishauri ninunue zile zinazokaa juu ya spika za mbele na kurusha sauti darini ili irudi chini kama mpira. Nikamweleza kwamba zinataka dari iliyo bapa na ngumu, naye akaitazama dari yetu, akaniomba radhi. Jirani alikuja na spika nne alizookota katika jengo lililobomolewa, zilizoandikwa volti 100, ambazo ni za kutangazia abiria. Nilimshukuru. Hazikuundwa kwa risiva ya nyumbani, na sitaki kuhisi kila filamu inapoanza kwamba ndege yangu imechelewa.

Basi nikaenda dukani. Naomba subira hapa, maana ndipo hadhi yangu ilipobaki.

Spika za darini, kwa maana ya jina lake, hukaa darini. Dukani hukaa ukutani. Walizipanga kumi na mbili kwenye ubao mmoja, usawa wa kifua cha mtu mzima, zote zikimtazama mteja usoni, na kijana muuzaji anabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine, nawe unatikisa kichwa kama unayeelewa. Ukisimama mbele yake hivyo, hakuna spika mbaya hata moja. Lakini nyumbani haitanitazama usoni. Itatazama zulia, nami nitakuwa nimeketi pembeni, nyuzi 45 kutoka njia yake, nikiokota sauti zinazomwagika kando. Ndiyo sababu spika ya darini huchaguliwa kwa namna inavyosambaza sauti kwa upana, au angalau kwa kuwa na twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, inayoweza kugeuzwa ielekee kochi. Nilimweleza kijana haya yote, naye akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mzee, hii ni wati 200."

Nikamuuliza wati 200 za nini. Akasema za nguvu. Nikamweleza, kwa sauti ambayo nakiri ilikuwa imeanza kupanda, kwamba namba ile inasema spika inaweza kuvumilia umeme kiasi gani bila kuungua, wala haisemi italia kwa kiasi gani; ni sawa na kumsifu mpagazi kwa uzito wa gunia ambalo likimwangukia hafi. Namba ninayoitaka ni ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati 1 katika umbali wa mita 1, kwa sababu spika ya desibeli 87 inadai umeme maradufu ya ile ya desibeli 90 ili zilie sawasawa. Akapindua sanduku, akatafuta, akasoma, akaniambia kwamba rangi yake ni nyeupe na wavu wake unaweza kupakwa rangi ya dari.

Nilijaribu kusimama pembeni ili nipate nyuzi zangu 45, lakini pembeni kulikuwa na majokofu. Isitoshe, kusimama hakukutosha. Sikio la mwanadamu hutambua kulia na kushoto kwa kulinganisha sauti ilivyofika sikio hili na lile, lakini juu na chini hutambuliwa kwa mikunjo ya ngozi ya sikio lenyewe, inayobadili sauti kidogo kulingana na inakotoka. Sikio langu halijui kwamba liko dukani. Linajua tu utosi uko wapi. Kwa hiyo, ili ukuta uwe dari, ilibidi utosi wangu uelekee ukutani. Nikavua koti, nikalikunja, nikalala chali sakafuni.

"Washa," nikamwambia kijana.

Akawasha helikopta. Sijui kwa nini watu hawa wote huwa na helikopta. Ilipita juu ya utosi wangu vizuri kabisa, nami nikafumba macho ili nipime twita, na hilo la kufumba macho ndilo lililoniponza, kwa sababu mama mmoja aliyekuja kununua pasi alinikuta nimelala, nimefumba macho, sisemi, akapaza sauti: "Mpepeeni! Mpeni hewa!" Mtu akanilegeza tai. Mwingine, ambaye bila shaka aliwahi kuhudhuria semina, akaniinua miguu yote miwili. Nikafumbua macho nikiwa na miguu hewani na kusema, kwa heshima niliyoweza kuikusanya katika mkao ule, kwamba mimi ni mzima na ninachagua spika. Mama akamwambia mwenzake: "Anaweweseka."

Mlinzi akaja. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kama huyu mzee naye anauzwa. Katikati ya hayo yote nikamwomba kijana anibadilishie, aweke ile ya pili kutoka kushoto, akabadilisha, na helikopta ileile ikawa kama inapita ndani ya blanketi. Nikamwambia: "Umesikia?" Akasema hajasikia tofauti. Nikamwambia hawezi kusikia akiwa amesimama, alale. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akalala.

Nakiri nilimpenda kijana yule. Tulilala sambamba, vitosi ukutani, kidole chake kikibonyeza rimoti kifuani, na baada ya spika ya nne akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyegundua siri ya familia: "Mzee, hii ya bei ya juu ni mbaya." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ni mbaya ukiwa pembeni. Tulikuwa tunarudia ya sita, yenye wufa, yaani koni kubwa ya sauti nzito na za kati, ya inchi 6.5 na twita ya kugeuzwa, wakati viatu vilivyong'arishwa vizuri vilipokuja kusimama karibu na vichwa vyetu, na meneja akauliza kuna nini. Kijana hakuinuka. Alisema tu: "Tunamhudumia mteja."

Hiyo ya sita ndiyo niliyoinunua, nne. Hiyo ndiyo iliyolala sasa juu ya jipsamu.

Na sasa nauliza, wala si kwa utani: mtu achague namna gani? Nimelala sakafuni mbele ya umma, nimeinuliwa miguu na watu nisiowajua, nimechagua kwa masikio yangu mwenyewe, kisha msumeno wa dakika kumi ukachagua upya! Maana tundu la sentimita 23 ni kubwa kwa spika ya inchi 6.5 na ni dogo kwa ya inchi 8, ambayo mwili wake hufika sentimita 24 au 25, na dawa aliyoniletea fundi ni kupanua matundu tena. Inchi 8 za nini? Sauti nzito, zile za chini ya hezi 80, zinakwenda kwa sabufa. Ndiyo kazi yake, ndiyo maana inachukua nafasi ya meza. Wufa kubwa ya darini itakaa pale ikiwa na misuli isiyotumika, na ubaya zaidi ni kwamba kadiri wufa inavyokuwa pana ndivyo inavyowahi kubana sauti zake za kati zielekee mbele tu, yaani kwenye zulia, yaani mbali na mimi. Zulia langu litasikia filamu vizuri sana.

Tena ni filamu ipi? Katika saa mbili za filamu watu huzungumza, na mazungumzo hutoka katika spika ya katikati, ile ya chini ya runinga ambayo sikuitolea jasho lolote. Wale wanne wa juu husubiri mvua. Husubiri ndege. Nimepasua dari ya nyumba niliyoihangaikia kwa sababu ya dakika chache za ngurumo, ilhali ngurumo za kweli zikija nazima kila kitu na kuchomoa waya ukutani.

Fundi ana pendekezo lingine, la kuweka pete ya mbao kuzunguka kila tundu ili vimasikio vipate cha kung'ata. Mke wangu ametazama juu na kusema dari itaonekana kama imefungwa bendeji mara nne. Ninaposikia haya humkumbuka Alan Blumlein, yule mhandisi wa Uingereza ambaye husimuliwa kwamba alikuwa sinemani na mkewe, akaudhika kuona mwigizaji anatembea upande mmoja wa skrini huku sauti yake imebaki palepale, akamwambia mkewe kwamba anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Mwaka 1931 akaombea hataza, yaani haki ya uvumbuzi, kazi yake ya sauti ya stirio. Spika mbili, mbele, zimesimama kwa miguu yao. Angetaka hata ya tatu asingehitaji ngazi.

Spika bado iko juu. Fundi aliingiza mkono hadi begani, akaigusa kwa ncha ya kidole, ikateleza nyuma ya mbao ya kenchi, na sasa tunaijua ilipo kwa kukisia tu. Amekwenda kuleta waya wa kuinasa. Nami nimempigia simu kijana wa dukani, ambaye alinitambua kabla sijataja jina, akaniambia kwamba za inchi 8 wanazo, ila ubao wake umefungwa karibu na mlango mkuu, pale watu wanapoingilia. Nimemwomba mke wangu anisindikize kesho. Amekubali, ila amesema atasimama upande wa majokofu, kama mtu tusiyejuana.